Nililipa dola 950 nijaziwe fomu za grinikadi: nyota mbili, na moja ni ya huruma

Haya jamani, nimeulizwa mpaka basi. Kila nikikutana na Mtanzania hapa Houston aliyeoa au kuolewa juzijuzi, kabla hata chai haijapoa anauliza, eti dada ile kampuni ya mtandaoni inayojaza fomu za grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa Marekani, kwa njia ya ndoa, wewe si uliitumia, wakoje? Leo nasema yote nipumzike. Jina lao silitaji, wao wana mawakili na mimi nina deni la gari, ila ukisoma utawajua, na usipowajua wao utamjua ndugu yao maana wanafanana kama mapacha.

Nyota mbili kati ya tano. Moja wameipata kwa jasho lao, ya pili nimewapa kwa ajili ya dada mmoja wa kastama kea ambaye nitamfikia huko chini.

Kwanza mjue kesi yangu ilivyokuwa msije mkapima yenu kwa yangu. Mimi wa Tanga, nilikuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kusoma masters. Mume wangu ni Mkongo wa Bukavu, aliingia Marekani kama mkimbizi akiwa kijana mdogo na sasa ni raia kitambo, ana cheti chake cha uraia ndani ya faili la plastiki analolilinda kuliko mimi. Tukafunga ndoa ya bomani Machi 2023, hapa Texas unachukua leseni ya ndoa kwa karani wa kaunti halafu unasubiri saa 72 ndiyo ufungishwe, nikawa namtania kwamba serikali imempa siku tatu za kukimbia. Fomu hatukutuma mpaka Mei 2024 kwa sababu moja tu, hela. Na huo mwaka mzima wa kuchelewa una habari yake, subirini.

Sasa hao watu wanafanya nini. Unafungua akaunti, wanakuuliza maswali kwa lugha nyepesi kama mnachati, jina, umeingia lini, umekaa wapi miaka mitano, umefanya kazi wapi, wao huku nyuma programu yao inajaza fomu zenyewe, I-130 ya mume kusema huyu ni mke wangu, I-485 ya mimi kuomba ukaazi, I-864 ya mume kuapa kwamba atanihudumia. Wanakuprintia, wanakutumia kifurushi nyumbani kina vibandiko vya rangi pa kusaini, unasaini, unapeleka posta. Hiyo kazi wameifanya vizuri sana sitawasingizia, I-485 ni ndefu hatari na ina maswali ya ajabu, kama umewahi kushiriki mauaji ya kimbari, kama umewahi kutesa mtu, kama umewahi kufanya ukahaba, mama yangu nilipomsomea kwenye simu alisema mwanangu rudi nyumbani. Ile nyota ya kwanza ni ya hapo.

Ila dola 950 ni ya hao tu. Ada ya serikali iko kando na watu wengi hawalielewi hili mpaka wameshatoa kadi ya benki. Mimi Mei 2024 nililipa I-130 kwa karatasi dola 675, I-485 dola 1,440, kibali cha kazi I-765 dola 260. Jumla 2,375. Ukiongeza kibali cha kusafiri, I-131, ni 630 nyingine, inafika 3,005. Halafu daktari. Sio daktari wako wa kila siku, lazima yule aliyeidhinishwa na Uhamiaji kwa ajili ya fomu ya I-693, na bei anajipangia mwenyewe kwa hiyo piga simu sehemu tatu nne kabla hujaenda. Mimi wa kwanza aliniambia 550, wa tatu 320, chanjo zilezile. Na kifua kikuu siku hizi wanapima kwa damu, hivyo ile alama yetu ya BCG isikutishe, kile kipimo cha zamani cha kuchoma kwenye ngozi ndicho kilikuwa kinachanganywa na BCG, cha damu hakina shida hiyo.

Wao kwenye tangazo lao wameandika kwa herufi kubwa GRINIKADI KUANZIA, halafu bei yao. Chini kabisa kwa herufi za sisimizi, ada za serikali hazimo. Na chini zaidi ya hapo, sisi si ofisi ya mawakili na hatutoi ushauri wa kisheria. Hiyo sentensi ya mwisho mimi niliipita kama unavyopita masharti ya kusajili laini ya simu. Ikanila baadaye.

Kosa la kwanza, majina. Kwetu mtu ana jina lake, la baba, la babu. Tuseme unaitwa Mwanaidi Salim Bakari. Kwenye paspoti jina la ukoo ni Bakari, kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA mtoto ni Mwanaidi tu na baba ni Salim Bakari. Programu yao ikachukua cheti kwenye fomu moja na paspoti kwenye nyingine, kwa hiyo I-130 inasema mume ameoa Mwanaidi Salim, na I-485 anayeomba ukaazi ni Mwanaidi Bakari. Wanawake wawili, mume mmoja! Nimeona saa nane usiku wakati nataka kusaini, nikamwamsha mwenzangu, akaangalia akacheka usingizini, akasema hata sisi Kongo tuna jina na postinomu, yaani jina la pili linalofuata, na hicho kitu kilinitesa miaka mitano. Niliwaandikia wakasahihisha ndani ya siku mbili, sawa, lakini nani alipaswa kukiona, mimi au niliyemlipa? Angalieni hilo kuliko kitu kingine chochote, kila fomu jina liandikwe vilevile kama paspoti, na majina mengine yote uliyowahi kutumia, hata la shule, liweke kwenye kile kisanduku cha majina mengine.

Halafu hicho cheti cha RITA chenyewe. Mimi ni wale tuliopata cheti ukubwani, tulipoambiwa hakuna mkopo wa chuo bila cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo nimezaliwa mwaka mwingine na cheti kimetolewa miaka 19 baadaye. Programu iliniuliza una cheti cha kuzaliwa, nikajibu ndiyo, ikaniwekea tiki ya kijani ikaendelea. Kumbe cheti kilichochelewa hivyo afisa anaweza kutaka ushahidi wa ziada, kadi ya kliniki, vyeti vya shule ya msingi, kiapo cha mama au cha ndugu aliyekuwepo. Hilo sikuambiwa na hao wa dola 950. Nimeambiwa na mama mmoja wa dola 75.

Huyo mama ngoja nimweleze sasa hivi kwa sababu ndiye ninayetaka mwende kwake na sio kwingine. Marekani kuna watu wanaitwa wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, sio mawakili lakini wanaruhusiwa kisheria kushauri na kukusimamia kwenye mambo ya uhamiaji, wanafanya kazi kwenye mashirika ya hisani, na wizara inachapisha orodha yao hadharani. Nilipata nafasi kwenye shirika moja, nikakaa naye saa nzima, mama wa makamo, Mmeksiko, miwani imefungwa na uzi. Akapitia kifurushi changu karatasi kwa karatasi na kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Dola 75. Nyota tano, na angekuwa na ya sita ningempa. Kosa langu ni kwamba nilikwenda kwake nimeshatuma.

Na msimchanganye na wale wanaoandika notario dirishani. Mume wangu alitaka tuende huko kwanza, kwa sababu kwao Kongo notaire ni mtu mzito wa sheria, kwa hiyo anadhani hapa ni hivyohivyo. Hapa notari ni mtu wa kushuhudia sahihi tu, anaweza kuwa mhudumu wa benki, hana ruhusa ya kukushauri kitu. Wakongo wengi wameliwa hapo.

Kosa la pili la kampuni, cheki. Maelekezo yao yaliniambia andika cheki moja ya jumla. Nikaandika 2,375, nikapeleka posta, nikapiga picha ya risiti nikamtumia mama, mama akapiga dua. Wiki tatu baadaye kifurushi chote kikarudi kama kilivyokwenda na barua juu, kila fomu inatakiwa malipo yake peke yake. Na hiyo ipo wazi kwenye maelekezo ya serikali, nimekuja kuyasoma baadaye, kila mtu anaweza kuyasoma, bure. Nikaandika cheki tatu nikatuma tena. Siku hizi hata cheki za karatasi hawapokei, tangu mwisho wa Oktoba 2025 ni kadi au kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, kwa hiyo hilo kosa wewe hutalifanya, utafanya lingine. Ukurasa wa ada usome siku ileile unayotuma, na matangazo mapya ya nchi zetu usome vilevile, maana mambo yanabadilika kama bei ya nyanya.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Kwenye kuchagua paketi, I-131 ya kusafiri waliiweka kama nyongeza, dola 199 zao juu ya zile 630 za serikali, na maelezo yao yalikuwa mstari mmoja, inakuruhusu kusafiri wakati unasubiri. Mimi nikasema nisafiri kwenda wapi na hela iko wapi, nikaruka. Hakuna aliyeniambia upande wa pili wa huo mstari, kwamba kwa mtu aliyekuja kama mimi na F-1, ukitoka Marekani wakati I-485 inasubiri na huna hicho kibali mkononi, ombi lako linahesabika umelitelekeza. Limekufa. Unaanza upya, na unaanzia nje.

Agosti bibi mzaa mama akafariki, Muheza. Ndiye aliyenilea mpaka darasa la saba. Mjomba alipiga saa tano usiku huku Houston, kwao asubuhi, akasema tunazika baada ya adhuhuri. Kuzika nilijua siwahi, hata ningekuwa na mabawa, nilichotaka ni kuwahi tatu, au basi arobaini. Nikaingia kwenye akaunti yao nikaandika naweza kusafiri? Jibu likaja lile la sisimizi, hatuwezi kutoa ushauri wa kisheria, bofya hapa kuongeza paketi ya kusafiri.

Ndipo yule dada wa kastama kea. Alinipigia nje ya muda wake, akasema mimi hapa siruhusiwi kukuambia kitu ila nakuomba usipande ndege mpaka umeongea na mtu anayeruhusiwa, tafuta shirika la hisani la wahamiaji, kesho asubuhi. Bila huyo binti mimi ningekata tiketi, nilishafika kwenye ukurasa wa kulipia. Nyota yake hiyo.

Mama wa uzi kwenye miwani ndiye akaniambia kwamba kuna kibali cha dharura, unapiga simu kwa Uhamiaji unaomba miadi ya ofisi ya karibu, unakwenda na I-131 na ada na picha na ushahidi wa msiba, wanaweza kukupa siku hiyo. Wanaweza, sio lazima. Mpaka nimekusanya 630 na cheti cha kifo kimepatikana na kutumwa na kutafsiriwa, arobaini imepita. Nikatuma I-131 ya kawaida hivyohivyo. Arobaini nimesikiliza kwenye simu, mjomba kaiweka kwenye kiti cha plastiki karibu na maustadhi, naona mguu wa meza na kandambili za watu.

Kwa hiyo kama unasoma hii na una bibi, ongeza I-131. Usiulize bei.

Kitu kingine ambacho hakuna paketi itakuambia ni I-864, na hiki nawaambia wanaume hasa au yeyote yule anayemdhamini mwenzake. Sio fomu ya mapenzi ile, ni mkataba na serikali. Mwaka ule nyumba ya watu wawili mdhamini alitakiwa awe na kipato kisichopungua dola 25,550 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini na inapanda kila mwaka. Na ukishasaini talaka haikufuti, unabaki umebanwa mpaka huyo mtu awe raia, au awe amehesabiwa robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au aondoke Marekani moja kwa moja, au mmoja wenu afe. Mume wangu alipoelezwa aliniangalia kwa muda halafu akasema basi tupendane.

Tafsiri. Kampuni ilitaka dola 25 kwa peji kutafsiri chati zetu za WhatsApp, peji 18. Sheria inataka tu mtu anayejua lugha zote mbili aandike na kusaini kwamba anaziweza na tafsiri ni kamili na sahihi, basi, hakuna muhuri hakuna notari. Nikampa shoga yangu wa Mombasa, malipo pilau. Akaenda vizuri mpaka akafika kwenye meseji za mume, niko nakuya, bintu byote biko sawa, akanipigia, wewe huyu mwanamume anaongea lugha gani? Nikamwambia ni Kiswahili hicho, cha Bukavu. Akagoma kusaini mpaka mume akamfafanulia neno kwa neno kwenye spika.

Mahojiano yalikuwa Februari 2025, saa tatu asubuhi, wote wawili. Afisa mpole tu, akatuapisha, akapitia maswali ya fomu, akauliza tulikutana wapi, nani anaamka kwanza, kodi ya nyumba inalipwa kwa akaunti ya nani. Kampuni ilinishauri picha 50 na mimi nikabeba albamu kama naenda kwenye sendoff. Afisa kaangalia nne. Alichokaa nacho ni mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, kodi ya mapato tuliyojaza pamoja, bima ya gari na taarifa za benki ambazo mishahara yote miwili inaingia. Anzeni hayo mapema, picha mnaweza kupiga siku yoyote.

Akasema hongera, imepita. Na hapa ule mwaka wa kuchelewa ndio ukajileta. Kama siku unayopewa ukaazi ndoa haijafika miaka miwili, kadi inakuwa ya masharti, ya miaka miwili tu. Ikishafika, unapata ya miaka kumi. Sisi tulibakiza wiki tatu. Wiki tatu! Na wiki tatu ndizo kifurushi kilizopotea kwa ile cheki moja. Najua kisingechelewa labda mahojiano yangekuja mapema zaidi na tungebakiza nyingi kuliko hizo, lakini usiku nikilala nahesabu.

Kwa hiyo nina kadi ya masharti, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha tunajaza I-751, dola 750, kwa pamoja mimi na mume. Ukishatuma risiti yenyewe inakurefushia kadi miezi 48 wakati unasubiri, usiogope. Na dada zangu, hii isemwe kwa sauti, mtu akikutishia kwamba ukimwacha utarudishwa kwenu kwa sababu kadi inahitaji sahihi yake, ni uongo. Ndoa ikivunjika au ukipigwa ipo njia ya kuomba mwenyewe bila sahihi yake, na huko ndiko utafute wakili au wale wa hisani kabla hujajaza chochote, usimpe programu.

Uraia sasa. Aliyeolewa na raia na wanaishi pamoja anaweza kuomba baada ya miaka mitatu ya ukaazi badala ya mitano, na unaruhusiwa kutuma siku 90 kabla, kwa hiyo mimi ni Novemba 2027. Fomu N-400, mtandaoni dola 710. Mtihani wa historia umebadilika kwa wanaotuma tangu Oktoba 20, 2025, maswali ya kusomea ni 128, unaulizwa mpaka 20, upate 12. Shoga yangu wa Mombasa anayasoma kwenye basi, yeye katiba yao ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, ataapa asubuhi na jioni bado ni Mkenya. Mimi Mtanzania mtu mzima nikiapa tu, wa kwetu umeondoka. Kuna hii hadhi maalum ya wenye asili ya Tanzania, ni kitu sikatai, lakini sio uraia, hupigi kura. Na ardhi kwetu asiye raia hamiliki hivihivi kama raia. Bibi aliniachia robo eka ya michungwa pale Muheza, mingi imezeeka, haina thamani yoyote kwa mtu mwingine.

Kampuni wao hili swali la kupoteza uraia wa kwetu kwenye programu yao halipo. Lipo la rangi ya macho.

Wiki iliyopita wameniandikia imeili, wanasema wamesikitika kwa uzoefu wangu na wananipa punguzo la asilimia 10 kwenye paketi ya I-751. Fomu yenyewe nimeshaipakua kwenye tovuti ya serikali, bure, iko mezani chini ya bakuli la sukari. Mume kaanza kuijaza kwa penseli. Kwenye jina langu kaandika vizuri, matatu yote.